Marhoon wa Mlangoni

Majlisi ya Saeed bin Nasir ilikuwa na matakia ya kuegemea kuta tatu nzima, na bado mdogo wake, Marhoon, hakupata hata siku moja kukaa ndani yake. Mahali pake palikuwa mlangoni. Alisimama hapo na dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani zimepandana mkono wa kulia, kanzu imepigwa pasi, ndevu nyeupe zimechanwa, akiangalia nani anaingia na nani finjani yake imekauka. Waliomjua walikwishaacha zamani kumwambia akae. Wasiomjua walimdhania mtumishi, na mgeni mmoja wa ofisi kubwa alithubutu kumwambia, "We kijana, maji," mtu wa umri wa baba yake. Saeed alimkazia macho mgeni yule mpaka mgeni akakumbuka kuwa ana shughuli kwingine. Marhoon akamfungulia mlango, akamgeuzia na makubadhi yake yaelekee nje.

Kahawa ya Maskati ina adabu zake. Anayemimina haliweki dele chini. Unapewa finjani, unakunywa, unajaziwa tena, mpaka wewe mwenyewe uitikise kidogo kwa vidole, ndipo ajue umetosheka aende kwa mwingine. Usipoitikisa, atakusimamia hapo hapo. Marhoon alimsimamia kaka yake hivyo umri wake wote, na kwa umri wote huo hawakuhitaji maneno. Saeed akiinua unyusi, mlango unarudishwa. Akigusa kofia yake, halwa inaletwa. Watu walikuwa wakiwatazama na kusifu: chanda na pete, hata kusema hawasemi. Mimi nasema sifa nyingine ni bora watu wasizitoe, kwa sababu zinamfanya mtu aringie ugonjwa wake.

Walizaliwa Unguja, Saeed wa kwanza, Marhoon wa mwisho, na baina yao makaburi ya watoto wengine. Baba yao alifariki mapema. Saeed alipopata njia ya kuja Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama yao alifunga nguo za Marhoon katika kanga moja, akamshika kidevu, akamwambia: "Saeed ndiye baba yako sasa. Atakapokuwa yeye ndiko kwenu. Asikae peke yake, mwanangu." Yeye alibaki kumuuguza mama yake mzazi, na hawakuonana naye tena. Watoto wengi huambiwa maneno kama hayo na huyasahau kabla hawajafika bandarini. Marhoon aliyameza yakakaa.

Matrah walipata chumba kimoja juu ya duka la kamba na nyavu. Saeed alilala dirishani penye upepo, Marhoon akatandika mkeka wake mlangoni. Kaka alipata kazi serikalini, akapanda. Mdogo akawa dereva katika idara ile ile. Walipomwambia Marhoon kuna nafasi ya masomo nchi za nje, aliuliza kama kaka yake naye anakwenda. Haendi. Basi naye hakwenda, na hakuona kama kuna kitu kimempita.

Alimuoa Zakiya, binti wa watu waliotoka Unguja kama wao, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi kuliko ulimi. Harusi haijapoa, Saeed akahamishiwa Khasab, ncha ya kaskazini kabisa ya nchi, milima na bahari tu. Hakuna aliyemhamisha Marhoon. Aliomba mwenyewe. Nyumba ya serikali kule ilikuwa moja, ya Saeed na mkewe Masouda. Marhoon akalala chumba cha nje, karibu na lango, na Zakiya akabaki Matrah kwa shangazi yake miaka yote ile, akimuona mumewe sikukuu kwa sikukuu. "Miye nliolewa na ndugu wawili," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake, "nkapata nusu ya mmoja." Walicheka, naye alicheka nao, kisha akienda jikoni hukaa kidogo kabla hajarudi.

Sokoni Matrah kulikuwa na muuza vitambaa, Jamnadas, Mhindi wa Kibaniani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mkunazini hasa. Kila Marhoon alipomsindikiza Zakiya kununua kitambaa, Jamnadas aliinuka nyuma ya meza: "Karibu, mdogo wa mfalme." Siku moja Zakiya akamuuliza huyo mfalme ni nani, na Jamnadas, ambaye kuhadithia kulimpendeza kuliko kuuza, akatoa kisa.

Kwao, alisema, kuna hadithi ya mwana wa mfalme aliyefukuzwa siku ile ile ya kuvishwa taji, akapelekwa kuishi msituni miaka kumi na minne. Mdogo wake hakufukuzwa na mtu. Alikuwa na kasri, ana mke mbichi wa harusi. Akavua hariri, akamfuata kaka yake. Mama yake alimwambia, kaka ndiye baba yako sasa, na msitu ndio mji wako. Huko msituni kaka na mkewe wakilala kibandani, mdogo alikesha nje na upinde wake. Usiku wa kwanza Usingizi ukamjia kwa sura ya mwanamke, akauomba umwache. Usingizi ukasema deni langu lazima lilipwe na mtu. Akauambia, nenda kwa mke wangu. Basi mke yule, kule kasrini, akalala miaka yote ile, usingizi wake na wa mumewe.

Zakiya mkono ulikuwa juu ya jora la kitambaa. "Afadhali yeye alilala," alisema. "Miye nlikuwa macho."

Jamnadas alilitaja jina la huyo mdogo, lakini Marhoon hakulishika. Alichoshika ni yale maneno ya mama, na yalimtia baridi. Aliuliza kisa kinaishaje. Jamnadas akakunja kitambaa, akasema mwisho wake ni mrefu, siku nyingine.

Walipostaafu, Saeed alijenga Amerat, nyuma ya milima, na Marhoon akajenga ubavuni mwake. Baina ya nyua mbili kulikuwa na ukuta, na katika ukuta wakatoboa kilango, mlango mdogo wa chuma wa kupita watoto na sahani. Komeo lake liliwekwa upande wa Saeed. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Vitu vyote baina yao komeo lake lilikuwa upande wa Saeed. Na kwa miaka mingi halikufungwa.

Kupitia kilango kile Ruba, binti wa Marhoon, alitolewa bibi harusi kwenda kuolewa na Shihab, mtoto wa pekee wa Saeed. Ndugu wawili walilia siku ile kwa furaha kama waliooana wao. Na kupitia kilango kile kile Ruba alirudi, mkoba begani, baada ya Shihab kumwacha kwa maneno ya simu, akiwa mwenyewe yuko Dubai na mwanamke mwingine. Ruba alilia mpaka akachoka, kisha akaanza tena kazi yake ya maabara kiwandani Rusayl, akiendesha gari alfajiri kupita mlimani. "Nshamsamehe, Baba," alimwambia Marhoon. "Wala si kwa ajili yake. Nlichoka tu."

Aliyeshindwa kusamehe alikuwa Saeed. Kwake yeye Shihab hakumvunjia heshima mke. Alimvunjia heshima Marhoon, mtu aliyesimama umri wake wote kwa ajili yao. Siku ya Ijumaa, majlisi imejaa, aliapa: "Wallahi, Shihab hapiti mlango ule mimi nikiwa hai. Na atakayemfungulia, awe nani, mimi na yeye basi, nisimuone." Marhoon alikuwa mlangoni na dele lake. Ni yeye pekee aliyejua kuwa kiapo kile kilikuwa zawadi, tena zawadi yake, na hakuitaka.

Ulimi hauna mfupa. Mwaka ulipita, na moyo wa Saeed ukaanza kumsumbua, wa nyama huu, si ule mwingine. Madaktari wakasema lazima apasuliwe. Siku moja kabla, baada ya Alasiri, jamaa walikuja kumuombea dua. Kengele ikalia. Marhoon akafungua kidogo, akamuona Shihab amesimama nje, makubadhi mkononi, miguu mitupu juu ya saruji.

"Masalkheri, Ami."

"Huwezi kuingia, mwanangu. Unajua."

"Najua. Kesho wanampasua, Ami. Akifa sina radhi zake, mimi n'takuwa mtu gani? Nshamwomba Ruba anisamehe. Kanisamehe. Kumebaki kwake tu." Hakulia. Angelia pengine ingekuwa rahisi kumfukuza.

Marhoon aliurudisha mlango, akasimama na mkono juu ya kitasa. Akifungua, ataharibikiwa mtu mmoja, na huyo mmoja ni yeye. Asipofungua, mzee anakwenda chini ya kisu na moyo mzito, na kijana anabaki duniani bila ya radhi ya baba, na hiyo hata maadui huombeana isiwafike. Hesabu hii haikumchukua hata muda wa kumimina finjani moja. Akafungua.

Saeed alikuwa mahali pake, finjani mkononi, haijatikiswa. Shihab alipiga magoti akamshika miguu. Mkono wa Saeed ukashuka mpaka juu ya kichwa cha mwanawe, na sauti iliyotoka haikuwa yake ya kila siku: "Nimekuwia radhi. Nimekuwia radhi, dunia na akhera."

Kisha akainua macho kumtazama mdogo wake. Mara hii unyusi haukuinuka.

"Marhoon. Nilisema neno mbele ya watu hawa."

"Ulisema, kaka."

"Ulikuwapo."

"Nlikuwapo. Mlangoni."

Wapo waliosema baadaye kuwa Saeed alikuwa na roho ngumu. Si kweli. Alikuwa mtu anayekwenda kupasuliwa kesho, na aliogopa kumkabili Mola wake na kiapo cha uongo shingoni. Neno lake alilithamini kama mwengine anavyothamini jicho. Aliiweka finjani chini bila kuitikisa. "Basi," alisema. "Nisikuone."

Marhoon akaliweka dele chini, kwa mara ya kwanza mbele ya wageni. Akapanga finjani pembeni yake, akatoka. Magharibi ile, akiwa anatawadha uani kwake, alisikia komeo la kilango likivutwa upande wa pili.

"Kiapo cha kukata udugu hakishikwi," Zakiya alimwambia. "Kinavunjwa, kinatolewa kafara, masikini kumi walishwe, khalas. Hata mtoto wa chuoni anajua."

"Anajua na yeye," Marhoon alisema. "Mwache apone kwanza."

Siku ya kupasuliwa alikaa garini, nje ya hospitali, tangu asubuhi. Hakuingia, kwa sababu aliambiwa asionekane, na Marhoon akiambiwa kitu na Saeed alikifanya mpaka mwisho wake. Alasiri Shihab alitoka mbio mpaka kwenye kioo cha gari. "Ametoka salama, Ami. Njoo umuone."

"Ameniita?"

"Hajaweza kusema bado."

"Basi akiniita."

Saeed alirudi nyumbani amepungua nusu. Wiki kadhaa zikapita, na Ijumaa moja Marhoon alikuwa juu ya dari akilitazama tangi la maji, akasikia harufu ya pilau. Chini, mikeka ilikuwa imetandikwa uwanjani, hasa mbele ya lango lake yeye, si la Saeed. Mafundi wa Kibangali waliokuwa wakijenga nyumba ya ng'ambo walikuwa wanaketishwa, na sinia zinatoka jikoni kwa Masouda. Saeed mwenyewe alikuwapo, fimbo mkono mmoja, bega la Shihab mkono wa pili, akiwaelekeza kwa ncha ya fimbo mmoja mmoja mpaka walipotimia. Kisha akainua uso akatazama juu ya dari ya mdogo wake, akagusa kofia yake.

Marhoon alirudi nyuma haraka, akajificha nyuma ya tangi. Aliambiwa asionekane. Moyo ulimpiga kama mtoto aliyekamatwa na embe la watu. Alipochungulia tena, Saeed alikuwa bado anatazama dari tupu.

Zakiya alimngojea chini ya ngazi. "Umeona?"

"Sadaka ya ugonjwa. Mungu amkubalie."

"Sadaka gani, Marhoon? Sadaka hupelekwa msikitini. Ile imewekwa mlangoni kwako, na watu kawahesabu kwa fimbo. Ile kafara. Kavunja kiapo chake, na katandika mkeka ili uone. Nenda."

"Hakuniita."

"Kakwita. Yule lini aliwahi kukwita kwa mdomo?"

Na hapa lazima niseme lisilopendeza, maana kumsifu mtu tu ni kumzika mara mbili. Chini ya utiifu wake palikuwa na donda. Umri mzima aliitwa kwa unyusi, kwa kofia, kwa kidole, akaja. Alijua Zakiya anasema kweli. Lakini kwa mara moja tu, kabla hawajafa, alitaka aitwe kwa sauti kama watu wengine wanavyoitwa: Marhoon, njoo. Hakuona kama ni mengi. Wala hayakuwa mengi, na yalimgharimu kila kitu.

Alikwenda Matrah peke yake, dukani kwa Jamnadas. "Nimalizie kisa chako," alimwambia. "Mfalme na mdogo wake."

Jamnadas alikwishasikia habari, maana Matrah hakuna siri. Alijaribu kumuagizia chai. Marhoon akangoja.

"Walirudi kutoka msituni, akawa mfalme," Jamnadas alisema hatimaye. "Siku moja akajiwa na mjumbe wa mbinguni, akaweka ahadi: hapana atakayeingia tukizungumza, akiingia atakufa. Mlangoni akamweka mdogo wake, kwani angemwamini nani mwengine? Akaja mtu mtakatifu mwenye hasira, akasema, nipishe, ama naulaani mji mzima. Yule mdogo akawaza, bora nife mmoja. Akaingia. Mfalme hakuweza kumuua, wala hakuweza kuvunja neno. Akamwambia, nenda zako. Kwa watu kama sisi kuachwa na kufa ni mamoja. Mdogo akashuka mtoni, akazuia pumzi."

"Na mfalme?"

Jamnadas aliipanga mita yake ya chuma sambamba na ukingo wa meza. "Mfalme hakukaa sana, Bwana Marhoon. Hakujua kuishi bila ya mtu wa mlangoni. Akaufuata mto ule ule." Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Hicho ni kisa tu. Nyinyi mna ukuta mmoja baina yenu. Gonga."

Hakugonga. Idi ikaja. Siku ya Idi mdogo humwendea mkubwa, hilo halina mjadala, na Zakiya alimvalisha kanzu mpya na kofia mpya na kilemba cha sikukuu. Marhoon alifika mpaka uani kwake tu, akavuta kiti, akakaa karibu na ukuta. Watu walipita njiani kwenda kwa Saeed, nyama ya shuwa iliyotoka shimoni ilinukia, watoto walipiga kelele. Halafu akasikia kiti kikiburutwa upande wa pili, karibu sana, na kikohozi alichokijua kuliko chake mwenyewe.

Sauti ya Masouda ilisema, "Ingia ndani, jua kali."

"Bado kidogo," Saeed alisema.

Marhoon alifurahi. Alidhani kaka anapunga upepo, na alitosheka kukaa naye hivyo, ukuta katikati, bila mwenzake kujua. Walikaa mpaka adhana ya Adhuhuri. Siku zilizofuata kiti kile alikisikia tena, mara asubuhi, mara jioni, naye akawa anatoka na chake. Ruba alimkuta hapo siku moja akamuuliza, "Baba, unafanya nini?" Akasema anaota jua, naye amekaa kivulini.

Kimya kilikuja siku ya Jumanne. Kiti hakikuburutwa. Marhoon alikaa, akangoja, akasema labda amelala. Kabla ya Adhuhuri, sauti ya Masouda ikapanda ndani ya nyumba ile, sauti ambayo kila mtu anaijua hata kama hajapata kuisikia.

Hakufikiri kuzunguka njiani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kilango, akakipiga bega kwa nguvu zake zote za uzee, akijua kina komeo. Hakikuwa na komeo. Kilifunguka chepesi, bila hata mlio, bawaba zimetiwa mafuta, na Marhoon akaangukia magoti uani kwa kaka yake, uso kwa uso na kiti kitupu kilichoelekea ukutani. Juu ya kiti kulikuwa na kofia ya Saeed.

Hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Lakini Masouda alimwambia baadaye, nyuma ya pazia, kwa sababu alikuwa ameshaingia edani. Komeo lilifunguliwa siku ile ya kafara, Saeed kwa mkono wake. Alimkataza Masouda kusema, akamkataza Shihab. "Nkamwambia, mwite basi. Akasema hapana haja, Marhoon hakuhitaji kuambiwa tangu azaliwe, ataelewa mwenyewe. Akakaa pale kila siku. Akisikia kiti chako, akinambia, haya, leo anakuja." Pazia lilitikisika. "Siku moja kabla hajafa alinambia, 'Masouda, pengine hanitaki tena.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho juu yako, shemeji. Sikuweza kukaa nayo peke yangu."

Nyumba nzima ya watu watiifu. Kila mmoja alitii, na hakuna aliyegonga.

Marhoon alimuosha kaka yake, Shihab akimwaga maji. Waliokuwa nje ya mlango walisikia sauti ya mtu anazungumza mfululizo, wakadhani ni dua. Haikuwa dua. Alikuwa anamwambia kila kitu: habari za chumba cha Matrah, za Khasab, za mama, kwamba alimuona siku ile juu ya dari, kwamba alimsikia akikohoa. Maneno ya miaka hamsini, yote siku moja, na kwa mtu asiyeweza hata kuinua unyusi. Shihab alisema hajawahi kujua kuwa Ami yake ana sauti nzuri.

Wakazika Alasiri. Kesho yake majlisi ilijaa watu wa kutoa pole. Jamnadas naye alikuja kutoka Matrah, akakaa karibu na viatu na kukataa kuinuliwa. Mahali pa Saeed pale kwenye takia la katikati hapakukaliwa na mtu. Shihab alimshika Marhoon mkono, akamwambia, "Ami, mahali pale ni pako sasa. Wewe ndiye mkubwa wetu." Wazee wakaitikia. Marhoon akatikisa kichwa, akaenda jikoni, akarudi na dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia.

Adabu ni kuanza na mwenye nyumba ama mgeni mkubwa, kisha kuzunguka. Marhoon alianza pale alipoanza siku zote. Alikwenda mpaka kwenye takia tupu, akamimina, akaiweka finjani juu ya zulia mbele yake. Akasimama. Mvuke ukapanda, ukapungua, ukakatika. Hakusogea. Watu waliangalia magoti yao. Dele lilikuwa zito, na bado alisimama, akingoja finjani itikiswe, kwa sababu ile ya mwisho haikutikiswa, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuondoka kabla ya hapo.

Zakiya alikuwa akiona kutoka mlango wa ndani, mkono mdomoni. Ni Shihab aliyeinuka. Alichuchumaa mbele ya takia la baba yake, akaiokota finjani, kahawa imepoa ndani, akaishika juu ili mzee aione vizuri, na akaitikisa kidogo kwa vidole, kulia, kushoto.

"Basi, Ami," alisema. "Baba ametosheka. Kaa."

Marhoon alimpa dele. Akaketi pale pale chini alipokuwa amesimama, ameupa mlango mgongo, na mtu aliyeingia baada ya hapo ilibidi ajifungulie mwenyewe.